Kumbatio la Kaka Bonge

Ghorofani, juu ya duka la dobi,
Jumapili, tarehe 16, asubuhi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. U hali gani huko? Goti linaendeleaje? Uliposema daktari amekukataza kupanda ngazi nilicheka kidogo, kisha nikajuta, maana najua nyumba yako ni ngazi kila upande. Shemeji je, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Na mapacha wamezoea shule mpya? Waambie mama yao mdogo anadai hata mstari mmoja.

Sisi huku wazima. Presha ya Mama imetulia, anakula vizuri, na ulimi wake hauumwi kabisa kama utakavyoona. Mimi nilijiunguza kwa pasi ya mvuke hapa kwenye kifundo cha mkono, lakini kidonda kimekauka. Kazi ipo tele. Wiki hii nimenyoosha kola hadi nikifumba macho naziona kola.

Sasa Dada, kaa chini. Kama una kikombe mkononi, kiweke mezani. Nimeshika kalamu hii tangu Jumapili iliyopita, na kila nikianza kuandika linatokea jingine!

Unakumbuka Kaka Bonge alivyochaguliwa kwenye lile shindano la kuoka la kwenye runinga? Miaka kumi na tisa mtu anapikia wanafunzi kwenye jiko la shule, hatimaye dunia imuone. Vipindi vilirekodiwa miezi minne iliyopita, na washindani wote walitia sahihi kwamba hawatasema lolote. Bonge na siri, unawajua wawili hao. Jina la mshindi kweli hakulitaja, hapo alijikaza. Ila kisa kimoja alikisimulia mpaka tukakikariri: kwamba kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, keki yake ikaungua, akatolewa mashindanoni, na katika watu wote waliokuwepo ni yeye Bonge peke yake aliyekwenda kumkumbatia. Wifi yetu alikuwa akifuta machozi kila akikisikia. Mimi niliwasimulia wateja, na chumvi kidogo nikaongeza.

Basi kipindi chenye kisa hicho kilikuwa kirushwe Jumamosi ya tarehe nane, jioni. Bonge akaalika mtaa mzima! Akaazima viti vya plastiki, akapandisha runinga juu ya kabati ili hata waliosimama koridoni waone. Kinyozi alikuwepo, fundi bomba na mkewe, mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu, na wengine siwajui hata walikotoka. Mwenyewe alivaa koti nililomnyooshea mimi, akakaa mbele kabisa, mikono juu ya tumbo, kama bwana harusi.

Kipindi kikaanza. Siku ile oveni moja ilikuwa imeharibika, kwa hiyo Bonge na yule mama, ambaye watazamaji wamembatiza Bibi Miwani, waliambiwa watumie moja. Bibi rafu ya juu, Bonge rafu ya chini, moto wakubaliane. Wakakubaliana nyuzi mia na themanini, na Bibi Miwani ndiye aliyeweka. Mpaka hapo salama.

Dakika zikayoyoma. Keki ya Bonge bado mbichi. Bibi Miwani akaenda kufuata siagi upande wa pili. Halafu tukaonyeshwa picha ya kamera ndogo iliyokuwa ukutani juu ya oveni, ambayo nadhani washindani walishaisahau. Mkono ukatokea, mkono tu bila uso, ukashika swichi ya oveni na kuizungusha mpaka mia mbili na ishirini. Mkono una saa ya mkanda mwekundu.

Mama akauliza, taratibu kabisa, "Hiyo si saa aliyotumiwa na dada yake?"

Ndiyo, Dada, ile uliyomtumia wewe.

Keki ya Bibi Miwani ilitoka imeungua juu kote. Akainama kuangalia swichi, akaona mia mbili na ishirini. Akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akaangalia tena. Akasema mbele ya kamera, "Nilidhani nimeweka mia na themanini. Macho yangu basi tena. Miaka thelathini naoka, sasa nitakuja kuchoma nyumba yangu bure." Na hapo ndipo kaka yetu akajitokeza, akamkumbatia mbele ya majaji na kumwambia, "Pole mama. Umri nao una mambo yake."

Kisha fundi bomba, kasahau yuko nyumbani kwa nani, akaropoka, "Loo, huyu mtu ni nyoka!" Hapo mdomo wa kila mmoja ukafunguka. Kinyozi akasema kuongeza moto ni tamaa, na tamaa sote tunayo, lakini kumkumbatia! Mwalimu mstaafu akadai majaji warudishwe na keki ihukumiwe upya, kana kwamba keki bado iko mezani. Bonge katoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Akasimama kujitetea. "Jamani, hivi vipindi wanakata na kuunga. Wameunga tu."

Mama akamtazama. "Na kumkumbatia, wameunga pia?"

Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Wifi akaingia chumbani akafunga mlango.

Wiki iliyofuata sijapata kuona. Kila aliyeleta nguo alileta na hukumu. Wa suruali mbili alitaka Bonge afungiwe kuoka maisha. Wa mapazia alitaka arudishwe kwenye runinga apige magoti. Hao walikuwa wageni, hawakujua ni kaka yangu, nami nikawa naikandamiza pasi kwenye kola za watu kama nina ugomvi nazo. Kule shuleni ndiyo usiseme. Wanafunzi walikuja dirishani kuchukua chakula wameshika sahani kwa mkono mmoja, mwingine wameunyoosha: "Tukumbatie kwanza, mpishi!" Mstari mzima!

Na nikuungamie jambo. Jumatatu asubuhi redioni walikuwa wanasoma maoni ya wasikilizaji, nami hasira zikanipanda nikatuma ujumbe. Niliandika, "Mimi ni dobi, nayajua madoa. La huyu bwana halitoki kwa sabuni." Wakausoma! Mtangazaji akaurudia mara mbili huku akicheka. Saa haijapita, Bonge huyo mlangoni kwangu, na aproni yake ya shule. "Madobi wako wangapi kwenye mtaa huu?" akaniuliza. Nikainamia pasi yangu. Akakaa juu ya furushi la mashuka, mkubwa vile, akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa nimemkasirikia.

Kumbe hayo yote yalikuwa kelele tu. Jumanne akaja mama mmoja na koti la sufu, mpita njia. Tukaanza habari ya mjini, yaani keki, akaniambia anakaa mtaa mmoja na Bibi Miwani, mji wa saa tatu kutoka hapa kwa basi. Dada, Bibi Miwani ameacha kuoka. Tangu arudi kutoka shindanoni hajawasha oveni hata siku moja. Wateja wa keki za harusi amewaelekeza kwa mwingine. Nikamwambia, lakini sasa si kila mtu ameona ukweli? Akasema, wamemwambia, amekataa kuamini na amekataa kutazama. Anaona watu wanamhurumia tu, wanamtungia hadithi ili asiyalaumu macho yake.

Nilizima pasi. Nchi nzima imeketi kumhukumu Bonge, na mwenyewe aliyedhulumiwa bado amejihukumu yeye. Ni mtu mmoja tu ambaye angeweza kumtoa hapo.

Nikampelekea Bonge habari. Akakuna kichwa, akasema atawapigia watu wa runinga wamfikishie samahani. Mara ataandika barua. Mara angoje watu wasahau kidogo. Jumatano jioni nikamweleza Mama. Alhamisi alfajiri nimemkuta kavaa viatu vya safari, mkoba mapajani, amekaa kwenye kiti mlangoni. "Mpigie kaka yako. Mwambie mama yake anaondoka, kama anataka kumuona avae viatu." Bonge akaomba ruhusa kazini, mimi nikabandika karatasi kwenye mlango wa duka, tukaenda. Alitaka kubeba keki. Mama akamwambia hizo keki zake ndizo zimetufikisha hapa, atakwenda mikono mitupu.

Saa tatu baadaye tulishuka kwenye basi, tukaulizia nyumba ya Bibi Miwani.

Bibi Miwani alifungua mlango mwenyewe. Miwani mipya, minene. Baadaye tulijua ni ya tatu tangu shindano. Akamtazama Bonge kuanzia viatu hadi juu, kisha uso wake ukachanua. "Mwanangu! Ni wewe!" Na kabla hatujasalimiana, akamkumbatia.

Dada, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akatuingiza ndani kamshika Bonge mkono, anamsifia Mama kwa kuzaa mtoto mwenye utu. Akasema watu wa pale wanamsingizia kijana wa watu mambo ya ajabu, na yeye ameshagombana na nusu ya mtaa akimtetea. Oveni yake ilikuwa ukutani, kubwa, imefunikwa kitambaa cha meza, juu yake redio na kopo la maua. Akatuvutia viti.

Bonge hakukaa. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Mama, usinikaribishe. Wanayosema ni kweli. Swichi niliizungusha mimi."

Bibi akacheka! "Kumbe na wewe wamekutuma uje unifariji?"

Nikaona tumekwama. Hata yeye hamwamini! Ndipo Bonge akasema kitu ambacho runinga haikuonyesha. "Uliiweka mia na themanini, ukaigonga mara mbili kwa kidole, ukaiambia, 'Kaa hapo hapo, nakuja.' Nilikuwa nyuma yako, nikasikia. Nikangoja ugeuke uende kwenye siagi."

Kicheko kikamwisha Bibi. Akakaa. Mama akaanza kufungua na kufunga zipu ya mkoba.

"Kwa hiyo nilisoma sawasawa."

"Ulisoma sawasawa, mama."

"Na uliponishika mabega pale, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Bonge alilia, Dada. Sijamuona analia tangu msiba wa Baba. Bibi Miwani hakumbembeleza. Aliinuka, redio akanipa mimi, maua akampa Mama, akavuta kitambaa. Akafungua droo, akatoa miwani yake ya zamani, ile ile ya kwenye runinga, akaivaa. Kisha akazungusha swichi. Hakutuuliza ni ngapi.

Bonge akasogea kutaka kusaidia. Bibi, bila hata kugeuka, "Wewe kaa mbali na oveni yangu."

Mama akacheka kwanza, nami nikafuata, na mwisho Bibi mwenyewe mabega yakaanza kumtikisika. Tulikula keki ya moto mezani kwake, sote wanne, na nakuhakikishia ilikuwa tamu. Wakati wa kuaga Bonge akaomba msamaha tena. Akajibiwa, "Hilo sijui bado. Jumamosi kuna keki ya harusi niliyoikataa, nitaichukua tena. Njoo uoshe trei."

Jana ndiyo ilikuwa Jumamosi. Alipanda basi la kwanza. Amerudi vidole vimekunjamana kwa maji, mgongo unamuuma, na wifi amemfungulia mlango. Nikamuuliza kama amesamehewa. Akasema bado, ila ameambiwa arudi Jumamosi ijayo, na wakati huu aje na aproni.

Ninakuomba usimpigie kumgombeza. Najua kidole chako kinawasha, lakini ameshagombezwa na nchi nzima, na kazi aliyopewa inamfaa kuliko maneno yetu. Redioni nimetuma ujumbe mwingine kuwaeleza nilivyoona, hawajausoma. Habari nzuri haziwafurahishi, inaelekea.

Nisalimie Shemeji, mapacha, na yule rafiki yako muuguzi aliyenitumia glavu. Mama anakusalimu, anasema uache kuvaa viatu virefu na goti hilo. Wifi anakusalimu, kinyozi pia anakusalimu ingawa hakujui. Bonge amesema nikufikishie salamu zake kama utazipokea.

Mungu akushike mkono kwenye kila ngazi, akulete kwetu ukiwa mzima na mwenye kicheko.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako wa mwisho, dobi.