Mafuta Kwenye Breki

Shoga, acha hiyo kazi unisome.

Dada yangu nusura afe leo. Kwa baiskeli yake ile ya milimani!

Unajua breki zake za diski zilikuwa zinalia kama mbuzi kila akishuka. Alishanunua pedi mpya, azibadilishe Jumamosi. Basi shemeji, kwa mapenzi yake, asubuhi kachukua mafuta ya cherehani akazipaka zile diski. Mafuta! Kwenye breki! Na hakumwambia mtu.

Dada akaanza kuuteremka mlima wa nyuma ya shule. Anabana breki, baiskeli inazidi kukimbia. Anabana tena, wapi! Mbele kuna lori limeegeshwa. Akaona heri michongoma kuliko lori, akajitupa humo.

Yuko hai. Mikono imechanika, goti limevimba.

Sasa sikia. Kafika nyumbani anachechemea, shemeji anamkimbilia mlangoni huku anatabasamu: "Mke wangu, si kelele zimeisha?"

Si kelele zimeisha! Shoga, alisema hivyo!

Dada hata hakupandisha sauti. Alimuuliza tu, "Ulipaka nini?" Akamwambia. Dada akasema, "Mafuta ni ya mnyororo, mume wangu. Breki zikiteleza, mimi nitasimama na nini?"

Shemeji akakaa palepale sakafuni, analia kama mtoto. Na dada, na goti lake lile, ndiye anayembembeleza.

Mimi nazunguka tu sebuleni, sijui nimpige nani.