Komanda na Damu ya Wekundu

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa pili

Nimebadilisha maji ya samaki asubuhi. Maji ya ziwa peke yake. Ya mvua nimewaachia wanaofua nguo, samaki hawa wanalegea nayo.

Wekundu wanne wazima. Wanakula, wanafukuzana kati ya mawe meusi kama kawaida. Wote majike. Dume wao, Muzee, alikufa mwezi uliopita. Sasa sina dume mwekundu, na Goma nzima hakuna mutu mwingine mwenye wekundu hawa. Mababu zao niliwaleta mwenyewe ndani ya bidon ya plastiki kutoka kwenye mawe ya chini ya Uvira, ziwa Tanganyika. Nikisimulia safari ile kwa watu, kuna mamba ndani yake. Hapa naandika peke yangu: mamba hakuwepo. Lakini barabara ilikuwa mbaya kweli.

Nimemwambia binamu Déo wa Uvira anitafutie dume wa mawe yale yale. Si mengine. Kule kila kipande cha pwani kina rangi yake. Ukichanganya mwekundu na wa njano wanazaa vizuri tu, na hiyo ndiyo shida. Watoto wanatoka rangi ya chai iliyolala, na damu ile hakuna mutu wa kuisafisha tena.

Komanda, wa njano, yuko peke yake ndani ya beseni kubwa pale barza. Dume wa kweli. Pua juu, anatembea kama mwenye kiwanja. Nilijua ni dume tangu akiwa mdogo kama kucha. Wengine wanageuza samaki tumbo juu, wanachungulia matundu chini ya mukia. Mimi naangalia sura. Inatosha.

Alhamisi, tarehe 5

Papa Jérôme wa Himbi amepita kuchukua vioo nilivyomkatia. Ana aquarium nzuri kuliko zangu, na pompe ya hewa isiyopiga kelele. Damu ya wekundu hana. Amesimama mbele yao nusu saa.

"Papa Rachel, wanne wote majike? Umewageuza?"

Nikamuuliza: "Wewe ulimgeuza Mama Jérôme ndipo ukajua ni mwanamuke?"

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akasema samaki hawa dume na jike wana sura moja, hata wataalamu wanageuza. Nikampa habari ya daktari wa mifugo wa Bujumbura aliyenitumia gari niende kumchagulia madume. Habari hiyo inakua kila mwaka. Safari hii gari lilikuwa na dereva.

Déo bado kimya.

Jumapili, tarehe 8

Nina hasira kweli.

Jana ilikuwa dot, siku ya mahari, ya Neema, binti ya mudogo wangu. Mimi ni baba mukubwa, kwa hiyo wageni wote walikuja kwangu. Wametelemka kutoka Masisi tangu Ijumaa, watu wa upande wa kijana, na maziwa yao, na hotuba zao ndefu. Nilisema vizuri. Ng'ombe waliotajwa katika hotuba yangu walikuwa wengi kuliko waliokuja.

Leo asubuhi, wageni wameondoka, naenda kulisha samaki. Beseni la Komanda limejaa chupa za sucré na maji ya barafu yaliyokwisha kuyeyuka. Komanda hayupo. Nimemkuta kwa wekundu. Yuko ndani tangu Ijumaa, anaogelea kati yao kama mukwe.

Nikamwita Mama Rachel, muke wangu.

"Wageni walitaka kinywaji baridi," akasema. "Beseni kubwa ni hilo moja. Wewe ulitaka niwape sucré ya moto mbele ya wakwe?"

"Na samaki?"

"Samaki si nimemuweka na wenzake? Samaki ni samaki, Papa Rachel. Na yule alikuwa anakaa peke yake kama padri."

Nimemtoa. Nimemrudisha kwenye beseni. Sikula mchana.

Jumanne, tarehe 10

Mwekundu mukubwa, yule ninayemwita Mama Mapacha, hali. Chakula kinapita mbele ya pua yake, anakiangalia tu. Shavu limejaa, kidevu kimeshuka. Anatafuna hewa polepole.

Ana mayai mudomoni. Samaki hawa ndivyo wanavyozaa: jike anataga, anachukua mayai ndani ya mudomo na kukaa nayo karibu mwezi bila kula, hadi watoto watoke wazima.

Na dume aliyekuwa mle ndani ni mmoja. Wa njano.

Basi imekwisha.

Jumatano, tarehe 11

Sheria yangu kila mutu anaijua, nimeisema hadi kwenye matanga: watoto wa kuchanganya hawakui ndani ya nyumba yangu. Unamshika jike, unafungua mudomo kwa unyoya, mayai yanatoka, kuku wanakula. Nimewahi kufanya. Haichukui muda.

Leo nimelowesha mukono, nikauingiza majini. Mama Mapacha hakukimbia. Alirudi nyuma kidogo tu, akaziba mudomo zaidi.

Nikautoa mukono. Nitafanya kesho.

Déo amepiga simu. Wapiga mbizi wa kule wameacha kazi, mawe yale hakuna anayeyafikia sasa. Dume hakuna. Asinidanganye na wa pwani nyingine, nimemwambia. Akasema hata wa pwani nyingine hana.

Kwa hiyo majike wanne wanaozeeka, na dume hakuna. Wakifa hawa, wekundu wa Goma wamekwisha.

Alhamisi, tarehe 12

Sikufanya.

Mama Rachel amewaambia wenzake wa chorale kwamba mume wake ana msiba wa samaki. Sasa nusu ya parokia inajua damu imeharibika. Mutu mmoja amenipa pole njiani. Kwa uso wa kawaida kabisa. Nikashindwa kujua kama ananicheka.

Jumamosi, tarehe 14

Komanda naye hali. Anajificha nyuma ya jiwe. Nilifikiri ni hasira ya kutolewa katikati ya wanawake. Nimemtilia chumvi kidogo. Bure.

Mimi pia sina hamu ya kitu. Nimekata kioo cha mteja vibaya, nikamwambia fremu yake ndiyo imepinda.

Jumanne, tarehe 17

Naandika haraka, kabla sijaanza kujidanganya.

Komanda amezidi. Shavu limevimba. Nikasema ni jipu. Nimelowesha mukono, nimemtoa majini ili niangalie ndani ya mudomo. Amejipinda mara moja, akatema kitu kwenye kiganja changu.

Yai. Kubwa, rangi ya machungwa. Kisha la pili.

Nimebaki nayo mukononi. Mama Rachel alikuwa anapepeta mchele, akauliza kuna nini. Nikasema hakuna. Alisimama, akaja, akaangalia kiganja. Akaangalia Komanda. Akarudi kwenye mchele wake. Halafu nikasikia ungo unatetemeka, kwa sababu anacheka bila sauti.

Nimewageuza wote, isipokuwa Mama Mapacha. Mara ya kwanza katika maisha yangu ya samaki. Jike ana tundu moja kubwa na moja dogo. Dume yote mawili yanalingana. Mutoto wa shule angeona.

Komanda ni jike.

Na yule mwekundu mwenye haya, anayekaa pembeni, niliyempa jina Bibi Arusi, huyo ndiye dume. Muzee alipokuwa hai alimnyanyasa hadi akajificha kama jike. Muzee amekufa, Bibi Arusi amepanda cheo, mimi sikuona.

Basi baba wa mayai yote ni Bibi Arusi. Ya Komanda yamechanganyika. Lakini ya Mama Mapacha ni mwekundu kwa mwekundu. Safi. Na ningeyapa kuku.

Jumatano, tarehe 18

Mayai ya Komanda nimeyatoa yote. Kuku wamekula. Sheria ni sheria, lakini nimegeuka upande mwingine.

Ninafurahi na ninaona aibu, vyote pamoja. Damu iko hai. Jicho langu ndilo lililokufa. Kuna mutu wa Katindo ambaye nilimchagulia jozi mwaka jana, na anangoja watoto hadi leo. Nimemkumbuka wakati wa kula. Sikumaliza bugali.

Alhamisi, tarehe 26

Nimepiga hesabu ya mambo, si ya pesa.

Watoto wa samaki hawa wakitoka wote wana mistari ya kijivu. Rangi inakuja baada ya miezi. Hakuna wa kuwaangalia leo akasema huyu safi, huyu si safi. Goma yote inajua Komanda dume aliingia kwa wekundu. Nikinyamaza, hawa ni machotara mbele ya kila mutu, na hakuna atakayewachukua. Watabaki kwangu peke yangu. Kioo kimoja kikipasuka, courant ya umeme ikikatika siku mbili, damu imekwisha.

Nikisema ni safi, wataniuliza nimejuaje. Jibu ni moja tu, na linaogelea ndani ya beseni.

Nimetafuta habari ya tatu. Kwamba Komanda alibadilika. Kwamba ni volkano, moshi wake unageuza samaki. Nilimjaribia Mama Rachel hiyo ya volkano. Akasema, "Na wewe moshi haujakugeuza?"

Ijumaa, tarehe 6 mwezi wa tatu

Wametoka. Kumi na mmoja. Mama Mapacha amekonda, kichwa kikubwa, mwili kama jani. Bado wakiogopa wanarudi mudomoni mwake na yeye anafungua. Nimemsagia mchicha. Amekula kama mutu aliyetoka kwenye mufungo.

Jumapili, tarehe 8

Papa Jérôme amekuja baada ya misa, na wawili wa kundi letu la wafuga samaki. Mama Rachel akaleta chai na mandazi. Nilijua amewaita yeye.

"Pole na damu, Papa Rachel," Jérôme akasema. Hakuwa anacheka. Hilo ndilo lilinichoma. Aliinama kwenye kioo akawaangalia wale wadogo muda mrefu. "Wazuri. Ni bahati mbaya."

Mudomo wangu ulikuwa tayari kusimulia. Daktari wa Bujumbura alikuwa mlangoni na gari lake. Mamba naye. Nikaona Mama Rachel amesimama na birika, hamiminii mutu, ananingoja.

Nikaenda barza. Nikalowesha mukono. Nikamleta Komanda mbele yao, nikamgeuza tumbo juu.

Jérôme akavaa miwani. Akaangalia. Akavua miwani, akaipangusa, akavaa tena.

"Huyu amezaa," akasema.

"Amezaa."

"Komanda?"

"Komanda. Baba ni Bibi Arusi, yule mwekundu kule pembeni. Nilisema ni jike. Si jike. Hawa wadogo ni damu safi."

Mmoja wa wale wawili akasema, "Basi tumpigie saluti Mama Komanda," na nyumba ikapasuka. Walicheka hadi mutu mmoja akamwaga chai. Jérôme alilia machozi. "Bibi Arusi ana mabibi wawili! Papa Rachel, na wewe mwenyewe tukugeuze, tuhakikishe?" Nilicheka pia. Mwanzoni kwa meno tu.

Walipochoka nikamwambia Jérôme alete ndoo. Akauliza ndoo ya nini. Nikasema sita ni wake. Aliacha kucheka. Akauliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia asiwaweke karibu na kitu chochote cha njano, na akipata wageni anunue beseni lingine.

Alibeba ndoo kwa mikono miwili hadi barabarani. Hakukubali pikipiki. Alikwenda kwa miguu hadi Himbi, asitikise maji.

Alhamisi, tarehe 12

Mvua. Courant imekatika tangu asubuhi, pompe imekaa kimya. Nimechota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili hewa iingie. Watano wangu wako chini ya jiwe, wazima. Bibi Arusi analinda upande wake.

Jérôme ametuma ujumbe: sita wote wanakula.

Nimechota tena mara chache, kisha nimekaa. Zamani siku kama hii nisingekaa, damu yote ilikuwa kwangu. Mama Rachel ameniletea chai. Tumekunywa tukisikiliza mvua kwenye bati.