Zalio la Ghaith

Kaka yangu Wadii,

Mtini wa uani umezaa, na ndege wamekula kuliko sisi.

Majibu ya zalio la Ghaith, lile kondo la nyuma ulilotuomba tusilizike ili likapimwe maabara, yamefika hapa Taiz. Niliwasomea wote: jeni za mtoto ni nzima, ila njaa na hofu ya mama huacha alama kwenye zalio, na alama hizo huweza kuzima kinachopaswa kuwaka ubongoni. Sikumaliza. Mama mkwe wa binti yangu alidakia: "Si nilisema? Ghusun, tumbo lako ndilo lililomharibu mjukuu wangu!"

"Wee Mama Nabil!" nikamfokea. "Tumbo lake ndilo lililozuia unga? Ndilo lililorusha makombora?"

Ghusun alimtazama mwanawe, miaka mitatu na hajatamka neno, akaniuliza, "Kwa hiyo ni mimi, mama?"

Unashauri apumzike, ale samaki, asiwe na wasiwasi. Ushauri huo wapelekee waliotuzingira, maana wao ndio wenye dawa. Sisi barabara yetu bado imefungwa, na Ghusun ana mimba nyingine.

Dada yako asiyenyamaza,
Taqiyya