Jina Lako, Baba, Hawalijui Kituoni

Kwako Baba, uliyevaa sare hadi kichwa kikaota mvi,

Unakumbuka baraza ya kituo chako hapa Karatina? Jioni za siku ya soko, akina mama waliobakiwa na viazi walikuwa wakiacha magunia yao pale na kwenda zao nyumbani. Asubuhi wanayakuta yamejaa vile vile. Nikikuletea chai nilikuwa nawasikia wakikuambia tu, "Askari, hiyo ni yangu," halafu hao wameenda. Nilijivuna sana kuwa binti yako.

Nilipopata mtoto wa pili wa kiume, nilimpa jina lako kama desturi yetu inavyotaka, nikawa namwita baba. Nikipaza sauti, "Baba, njoo uoge," wewe, babu aliyekuita Guka, unaitika kwa utani kutoka kwenye kiti chako, "Mimi nimeshaoga."

Huyo Kariuki wako alikua akawa mwanamume mwenye ndevu, akiuza vitunguu karibu na meza yangu sokoni. Msimu uliopita wa viazi aliona askari wawili wakimpiga mzee wa mkokoteni hadi akazirai, ati amewajibu vibaya. Akarekodi kwenye simu. Nikamwambia, "Achana na hiyo maneno. Futa." Akanitazama kwa yale macho yako.

"Mami, si Guka alikuwa polisi? Mimi naenda kuandikisha taarifa."

Nilimsindikiza. Nikabaki getini, nikamwona akivuka ile baraza na kuingia. Hakutoka. Nilipochoka kungoja niliingia, nikataja jina lenu mbele ya meza uliyokuwa ukikaa. Kijana wa zamu hakuinua hata macho.

"Hakuna mtu anaitwa hivyo hapa, mathe."

"Nimemwona akiingia."

"Basi uliona vibaya. Enda nyumbani."

Viazi vimevunwa, vikapandwa tena. Nimeenda Nyeri, nimeenda Murang'a, nimefika hadi Doldol kwa sababu mtu alisema ati amesikia yuko huko. Nimefunuliwa shuka katika mochari nyingi. Kila mara nafurahi kuona si yeye, kisha naona aibu, maana aliyelala pale pia ana mama. Watu wa soko wananipa pole kwa sauti ya chini, na wakiona sare wananyamaza. Siwalaumu. Mimi mwenyewe, binti wa polisi, nikiona gari lao najificha nyuma ya meza yangu.

Na wewe nimekukasirikia, Baba. Ulimwambia huyo mtoto mwenye haki haogopi kituo, akakuamini kuliko alivyoniamini mimi. Ungemfundisha kuogopa kidogo tu, pengine leo angekuwa anakula githeri hapa jikoni. Najua hukumdanganya. Ulimwambia mambo ya siku zako, na siku zako zimekwisha. Sina tumaini tena, na sitaki mtu aje kuniambia nivumilie.

Kila ninayemweleza, hata pasta wetu, ananiuliza jambo lile lile: "Umeripoti polisi?"

Basi naripoti kwako, kwa sababu polisi ninayemwamini ni mmoja tu na nilishamzika. Mtoto wangu amepotea. Jina lake ni lako. Mara ya mwisho alionekana akiingia kituo cha polisi.

Ni mimi binti yako, mama yake Kariuki.