Tochi Si Apu

Dundori,
Nakuru.
Tarehe 12 Mei, 2025.

Mpendwa binti yangu Wangare,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Habari ya huko Ufini? Baridi imepungua ama bado unavaa soksi mbili? Kile kikohozi ulichokuwa nacho wakati wa Pasaka kimeisha? Usinidanganye, kwa maana nilikisikia kwa simu hata ukijaribu kukimeza.

Sisi hapa tuko wazima. Baba yako hajambo, goti linamsumbua akipanda ile njia ya kanisani lakini hataki kuambiwa. Shosho, nyanya yako na wajina wako, anakusalimu sana, anauliza kama huko wanapika uji, nami nimemwambia wanapika. Ndugu yako Kiarie hajambo, ameanza kupanda viazi upande wa juu. Mdogo wako Abby yuko nyumbani, wamefunga chuo, na ndiye atapiga hii barua picha akutumie kwa simu nikimaliza. Mama Ngigi jirani anakusalimu. Hata ng'ombe wetu Dama hajambo, amezaa ndama jike, mweusi na nyota usoni.

Mvua imekuja vizuri. Nyasi iko.

Sasa mami, keti chini. Baba yako amenikataza kukuandikia haya maneno. Anasema nitakuchanganya na masomo. Nimemsikiza mpaka mwisho, halafu nikamwomba Abby kalamu.

Unajua dirisha letu la ushirika, pale maziwa yanapopokelewa, anapokaa yule karani Cheruto. Wanataka kulifunga. Mwenyekiti wetu, Bwana Gachanja, alituita mkutano kwa ukumbi wa kanisa, akaleta mashine ya kuonyesha picha ukutani. Akasema kuanzia mwezi wa saba hakuna mtu kuongea na mtu. Utaacha mkebe kwa lori, utaambiwa kila kitu na apu, hiyo programu ya kwa simu. Malalamiko, apu. Chakula cha ng'ombe, apu. Cheruto ataenda zake.

Mimi nilinyoosha mkono nikauliza, na kama maziwa imekataliwa, nitaongea na nani? Akanijibu akicheka, "Mama Wangare, wewe ndiye wa mwisho kupinga. Si ni binti yako ametuandikia hii mambo?" Akabonyeza, na ule utafiti wako wa ushirika wetu ukatokea ukutani, na jina lako juu, kubwa, Wangare. Watu wakageuka kuniangalia. Moyo wangu ulijaa na ukaanguka kwa wakati mmoja.

Akasoma pale ulipoandika kwamba karibu wanachama wote hutumia simu katika kazi ya maziwa. Akasema, basi watu wako tayari, tunangoja nini.

Nilikaa nikafikiria. Mimi natumia simu katika maziwa? Mama Ngigi, ambaye hata kupiga simu hupigiwa na wajukuu, yeye anatumia vipi? Ndipo Mama Ngigi akaniinamia sikioni akaniambia, "Kwani si ni ile tochi?"

Wangare, ni ile tochi. Wale wanafunzi uliowatuma mwaka jana na vile vioo vyao vya kuandikia kwa kidole, walisimama pale uwanjani wakituuliza mmoja mmoja, "Mama, wewe hutumia simu katika kazi ya maziwa?" Na sisi tukajibu ndiyo, kila siku, bila hiyo simu siwezi. Ni ukweli mtupu. Stima haifiki zizini. Alfajiri unaichomeka simu kwa kitambaa cha kichwa, hapa juu ya sikio, tochi inaangalia chini kwa chuchu, unakamua. Wewe hukuijua hiyo, kwa sababu wakati wako ni wewe ulikuwa unanishikia koroboi, unasinzia, nakwambia Wangare, usimchome ng'ombe mkia.

Kwa hivyo nikasimama tena. Nikasema, "Mwenyekiti, hiyo simu tuliyosema ni tochi." Ukumbi ulicheka mpaka mabenchi yakalia. Mzee Nicodemus aliye mwekahazina akapangusa macho. Lakini Bwana Gachanja hakucheka. Alisema, "Mama, huo ni mzaha wa jikoni. Hii ni utafiti." Nikamwambia utafiti pia unaweza kukamua gizani, ukadhani ndoo imejaa kumbe maziwa yanamwagika chini.

Sikukaa. Nikawakumbusha ile wiki maziwa yangu yalipokataliwa. Wakati huo apu ilikuwa inajaribiwa. Ujumbe ukaingia: maziwa yako hayakukubaliwa, yana maji. Mimi, kutia maziwa maji, na shosho wako ananiangalia? Nikaandika kwa hiyo apu, kwa nini? Ikanijibu asante kwa kuwasiliana nasi. Nikaandika, mimi ni Mama Wangare, mnanijua. Ikaniambia nichague moja hadi tano. Nikavaa gamubuti nikaenda dirishani. Cheruto akaniangalia uso tu, akatoka nje, akageuza mikebe, na kumbe kibandiko changu kilikuwa kimebandikwa mkebe wa mtu mwingine. Akasema, "Pole mathe, hii ni makosa yetu." Hayo maneno, hakuna moja hadi tano inayoweza kuyasema.

Mimi sikatai simu. Wasikudanganye kwamba mama yako ni mtu wa zamani. Ujumbe wa kuniambia lori limekwama kule Bahati kwa matope, nautaka. Kiarie kuagiza chakula cha ng'ombe akiwa shambani, nataka. Ninachokataa ni mtu kunifungia mlango halafu aniambie amenifungulia.

Na haya sikuyatoa kwangu, niliyatoa kwako. Unakumbuka Krismasi ile ulipokuja, tukimenya viazi, nikakuuliza hii omni-chaneli unayosomea ni nini? (Kama nimeiandika vibaya nisamehe.) Mimi nilidhani ni chaneli za televisheni, nikakuambia yetu inaonyesha moja tu na hiyo moja ina mvua. Ulicheka mpaka ukajikata kidole. Halafu ukaniambia ni kama nyumba ya shosho. Uingie kwa mlango wa mbele, uingie kwa wa jikoni, hata uchungulie dirishani, chai ni ile ile na shosho ni yule yule, na anajua ulikuwa unasema nini jana. Niliwaambia hivyo kwa ukumbi. Nikawaambia, binti yangu hakusema funga milango ubakishe mmoja. Kama amesema hivyo, basi aje aniambie mimi niliyemzaa.

Bwana Gachanja akasema maneno ya mdomo hayashindi karatasi. Kama mwandishi mwenyewe atasema lile swali lilieleweka vibaya, watalifikiria kwa mkutano mkuu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Kama hatasema, kura itapigwa kwa yale yaliyo ukutani.

Hapo ndipo naogopa, mami. Sijui walimu wako wa huko wakoje. Sijui kama ukisema hapa tuliuliza vibaya watakuondolea cheti ama watakuheshimu. Sijalala vizuri kwa sababu ya hiyo. Nimekuombea, halafu nikajiuliza naomba nini hasa, kwamba usiumie ama kwamba useme ukweli. Nimeona niombe yote mawili. Lakini kama ni lazima moja, unajua jinsi nilivyokulea. Hukuenda ng'ambo kutusoma ili tufungiwe nje. Jina lako ni la shosho, na shosho hajawahi kukubali liwekwe mahali pa uongo, hata uongo usio wa kukusudia.

Usinijibu kwamba ni mambo ya wasomi na mimi sitaelewa. Nieleze polepole, nitaelewa.

Na ukinyamaza, sitakukasirikia, lakini mimi sitanyamaza. Mama Ngigi na akina mama wa upande huu tumekubaliana. Siku hiyo tutaingia ukumbini kama tunavyoingia zizini, kitambaa kichwani, simu juu ya sikio, tochi imewashwa mchana. Tutakaa benchi la mbele. Akianza kusoma kwamba wanachama wote hutumia simu, tutamwangalia tu. Atuonyeshe apu iko wapi kwa huo mwangaza. Baba yako anasema nitamtia aibu. Nimemwambia aje akae nyuma.

Msalimie yule mama mwenye nyumba unayokaa, mwambie asante kwa ile blanketi. Wasalimie Wakenya wenzako mnaosali nao. Shosho anasema Mungu akuweke kama mboni ya jicho, na mimi naitikia amina, akutangulie barabarani, akurudishe kwetu ukiwa na afya na ukiwa bado wewe.

Jibu upesi, mami, kabla ya hiyo Jumamosi. Nipigie mimi jioni nikishakamua. Mwandikie Abby. Mtumie Mzee Nicodemus barua ya kompyuta aipige chapa, na nyingine mtumie Cheruto pale dirishani, maana bado liko wazi. Tumia njia zote, tuone kama maneno yatakuwa yale yale.

Mimi mama yako, ninayekupenda na ninayekungojea,

Mama Wangare