Usilifukie Kaburi Kabla Sijafika

Kabiro, Kawangware,
Nairobi.
27 Januari 2008

Ndugu yangu mpendwa Kavoi,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Ndanu, nyingi kuliko punje za mbaazi ghalani. Tunatumaini kwamba wewe, Katunge na watoto hamjambo, na kwamba mvua za mwisho wa mwaka hazikuwanyima chakula. Sisi hatujambo. Neno hilo naliandika kwa makini, kwa sababu najua hujaliamini bado: tu wazima, sote wawili, na viungo vyetu vyote tunavyo, isipokuwa kile kidole unachokijua.

Ujumbe wako ulinifikia. Nthenya, binti wa dada yake Ndanu, ambaye ametupa chumba hapa Kabiro, aliniambia kwamba nilipoomba tuzungumze kwa simu yake ulikataa. Ulisema wewe huzungumzi na maiti kwenye simu. Kama maiti ana neno, na aliandike, nawe utawasomea wazee mbele ya kaburi lake. Ulisema pia kwamba kaburi liko wazi, na kwamba hutalifukia mpaka uone jambo la kulifukia. Ni haki yako. Nimenunua karatasi na bahasha, na Mulei wa kanisa letu, anayesafiri kesho asubuhi, atakuletea barua hii mkononi. Wasomee wazee yote, usiruke neno.

Unakumbuka siku ya harusi yetu, mwaka 1967, wewe ukiwa umeshika pete kwenye leso. Siku ile nilimwahidi Ndanu kwamba nitampandisha gari la moshi. Nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili katika karakana ya reli, nikitengeneza viti vya mabehewa ya daraja la tatu. Baadaye nilivitengeneza miaka thelathini mingine, na kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kilibaki kwenye msumeno wa pale. Mke wangu hakuwahi kukalia hata kiti kimoja. Kila mwaka palikuwa na sababu: karo, mabati, ugonjwa wa mama. Mwaka jana, ilipokaribia miaka arobaini ya ndoa yetu, Ndanu aliniambia kwa upole kwamba akitangulia kufa, jeneza lake lipelekwe Mwala kwa gari la moshi. Nilimkumbusha kwamba reli haifiki Mwala. Akasema basi itabidi nimtimizie ahadi akiwa hai.

Alitaka kuiona miji ya kale ambayo mwalimu wake wa darasa la tano aliwachorea ubaoni, Tabora na Ujiji, huko Tanzania. Tulikubaliana kusafiri mwezi wa Desemba, kwa nauli ya chini kabisa. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza.

Majirani wetu wa Mashimoni, kule Kibera, niliwaambia kwamba tunakuja Mwala kwa Krismasi, kama ilivyo kawaida. Wewe nilikuambia kwamba mguu wa Ndanu umevimba na hatuwezi kusafiri. Mimi ndiye mkubwa wa nyumba yetu, na mbuzi wa Krismasi huchinjwa na mkubwa. Nilijua kwamba mzee anayemwacha mbuzi wa baba yake ili akatembee na mkewe ughaibuni kama bwana arusi angechekwa kuanzia Mwala hadi Wamunyu. Niliogopa kuchekwa, Kavoi. Basi Nairobi walijua tuko Mwala, Mwala mlijua tuko Nairobi, na hapana mtu duniani aliyejua tulipo. Katunge amemweleza Nthenya kwamba siku ya Krismasi mliuombea mguu ule kanisani, na mhubiri akautaja. Siku hiyo mguu ulikuwa ukizunguka soko la Dodoma.

Tulikwenda kwa basi mpaka Dodoma, na huko tukapanda treni. Tulibeba chapati za siku tatu, birika na blanketi moja. Ndanu alikaa dirishani, akaweka mikono mapajani kama mtu aliye kanisani, na treni ilipong'oka alinitazama. Hayo ndiyo malipo yangu ya miaka arobaini, na ninakuambia, yalitosha.

Mimi niliinama chini ya kila kiti. Kabla ya mwaka 1977 mabehewa yalikuwa ya nchi zote tatu za Afrika Mashariki, nami katika ujana wangu niliweka alama, mikato mitatu ya patasi, mahali ambapo msimamizi hakupaangalia. Mama mmoja mwenye tenga la kuku aliniamkia shikamoo, akaniuliza nimepoteza nini. Nilimjibu kwamba naitafuta kazi yangu. Akanionea huruma, akasema kwa umri huo, babu, kazi ya nini tena, si upumzike tu. Tulipopita Itigi nilipapasa mikato mitatu chini ya kiti kimoja. Inawezekana ni yangu, inawezekana ni ya mtoto mwenye kisu. Ndanu alipapasa pia, akaamua kwamba ni yangu, akakihamia kiti kile na hakukiacha mpaka Tabora.

Huko Tabora tuliiona ngome ya Wajerumani, na tulikwenda kwa miguu mpaka Kwihara, penye nyumba ya udongo alimokaa yule mmisionari Mzungu, Livingstone. Tulipanga chumba katika nyumba ya wageni karibu na stesheni, ambapo mwenye nyumba alimwita Ndanu mama na kumwazima jiko. Siku ya mwisho ya mwaka mwenye nyumba huyo alituita tusikilize redio. Tulisikia jina la Kibera. Tulisikia kwamba watu wanauana kwa sababu ya kura, kura ambayo sisi hatukuipiga, na hilo nalo liandikwe. Ndanu aliniambia niende mara moja kwenye kibanda cha simu nikakupigie. Nilikwenda. Kibanda hicho nitakirudia.

Hatukuweza kurudi. Tuliambiwa kwamba barabara za Kenya zimefungwa kwa mawe, na watu wanatolewa kwenye magari na kuulizwa lugha ya mama zao. Tukangoja, na redio ilipozidi kuwa mbaya, Ndanu alisema afadhali tumalizie safari kuliko kukaa tukihesabu milio ya risasi ya mbali. Tarehe 13 tukafika Kigoma, na kesho yake tukaenda Ujiji.

Pale Ujiji pana jiwe la kumbukumbu, na mzee mmoja mpole huwasimulia wageni. Alitueleza kwamba mmisionari yule alidhaniwa amekufa, kwa sababu kwa miaka hapana aliyejua alipo, mpaka mtu akatumwa kumtafuta na kumkuta papo hapo, akiwa hai. Ndanu aliuliza kwa nini hakuwaandikia watu wake. Mzee akasema aliandika sana, ila barua hazikufika. Ndanu alitikisa kichwa, akasema maskini, huyo angalau aliandika. Kisha akanishika mkono na kusema kwamba sisi tuna bahati, tumeweza kupiga simu. Kavoi, niliinama nikajifanya nasoma maandishi ya lile jiwe.

Tuliporudi Kigoma alisema kwamba sasa na yeye anataka kumsikia Katunge, kwani ana hamu ya kujua kama yule ndama ni dume au jike. Alichukua kikaratasi cha namba yako kutoka kofiani mwangu na kwenda dukani kupiga simu. Wewe huna ndama, najua. Nitaeleza. Katunge aliposikia jina la Ndanu alipiga kelele, ambazo mimi nilizisikia nikiwa nje ya duka. Ndanu akarudia kuuliza habari za ndama. Katunge alilia, akaomba kwa jina la Yesu, kisha akakumbuka adabu, akauliza mguu u hali gani. Hapo simu ikakatika.

Nthenya ametueleza yaliyotokea huku. Kwamba ulikuja Nairobi tarehe 8, watu wote wakikukataza. Ulifika Mashimoni siku ile ile mwanasiasa wa kwetu alipoingia serikalini na Wakamba wakaanza kuitwa wasaliti. Majirani wakakuambia kwamba Mzee Mbuvi alikwenda Mwala kabla ya Krismasi, nawe ukajua kwamba hatukufika, ukaona tumepotelea njiani. Ulizunguka hospitali, kisha ukaingia katika chumba cha maiti, ukafunuliwa shuka moja baada ya nyingine, mpaka ukamkuta mzee aliyeharibika uso, asiye na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Ukasema huyu ni kaka yangu. Ukarudi nyumbani kungoja kibali cha kumchukua, na ukachimba mwenyewe, hukukubali kijana yeyote akusaidie.

Usijilaumu kwa kosa lile. Nusu ya maseremala wa mji huu hawana kidole. Niliporudi nilikwenda kule chumba cha maiti mimi mwenyewe. Marehemu aliitwa Shivachi, seremala wa milango wa hapa hapa Kabiro, na wanawe walikuwa wamemtambua kwa kovu la goti na kumsafirisha kwao Kakamega. Mjane wake alikuwa bado hapa kufunga vyombo. Nilimpa pole, nikamweleza kwamba ndugu yangu alimlilia mumewe siku mbili. Akasema basi alililiwa mara mbili, akanikaribisha chai.

Na nyumba yetu ya Mashimoni imesalimika. Jirani yangu Khaemba, Mbukusu wa Bungoma, ambaye nilimwachia ufunguo, alimhamishia mkewe Nabalayo humo pamoja na masufuria na watoto. Vijana walipokuja wakauliza, "Hii keja si ni ya yule buda fundi, Mkamba?" Nabalayo alitoka na mwiko mkononi, akawajibu, "Mkamba alienda kwao Krismasi, mimi nishaingia. Ama mmekuja kunioshea vyombo?" Wakacheka, wakapita. Randa zangu zote zimo, na patasi, na picha ya baba. Khaemba alinirudishia ufunguo akaniambia, "Mzee, usirudi kulala hapa kabla mambo hayajapoa, lakini chumba ni chako." Reli tu ndiyo sikuweza kuitazama. Wameing'oa hapo jirani, mataruma yaliyoibeba yamelala kama mbavu. Hata hivyo reli hutandikwa upya; niliwahi kuona.

Sasa nakuja kwenye kibanda. Ulimwambia Nthenya kwamba hilo moja unalielewa, kwamba bila shaka simu za kule hazikushika Kenya. Kavoi, zilishika. Kibanda cha Tabora kilikuwa hatua mia moja kutoka chumbani kwetu, na namba yako ilikuwa kichwani mwangu, ndani ya kofia. Nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza, tarehe 31, niliwaza kwamba swali lako la kwanza litakuwa uko wapi, kaka, na jibu sikuwa nalo. Nikanunua njugu, nikarudi, nikamwambia Ndanu kwamba nimekupata, nyote hamjambo, na Katunge anaulizia mguu. Mara ya pili, tarehe 4, nilibuni salamu za watoto. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 9. Ndanu alitaka habari zaidi, nami nikamwambia kwamba ng'ombe wako amezaa. Siku niliyomzalisha ng'ombe wako kwa mdomo wangu, wewe ulikuwa ukifunuliwa mashuka.

Sikuwa na sababu nyingine. Niliona haya. Nilidhani kwamba nikikaa kimya, mambo yatapoa na hapana atakayejua, nami nitabaki mkubwa. Mkubwa asiyeweza kusema alipo ni mkubwa wa nini? Ndanu hakunisemesha kutoka Kigoma mpaka Dodoma. Alizungumza na kila abiria isipokuwa mimi, na alipomenya machungwa aliwapa watu wote mbele yangu. Kule Dodoma alisema maneno machache tu: kwamba nitakuandikia yote, naye ataisoma barua kabla haijafungwa. Ameisoma. Amesema nimesahau njugu zilikuwa mbovu.

Ndugu yangu, wazee wetu walitufundisha kwamba kaburi lililochimbwa halifukiwi likiwa tupu, maana litaendelea kuita. Huzikwa shina la mgomba badala ya mtu. Ninakuomba usimtume mtu kulikata. Tutafika Jumamosi, Mungu akipenda, tukiwa na mbuzi wa Krismasi ambaye sikumchinja. Safari hii umchinje wewe, nami nitashika miguu. Kisha nitateremka mtoni kwenye migomba ya mama, nikate shina kwa mkono wangu, nilipandishe begani mpaka hapo uliposimama, watu wote wakinitazama. Wakitaka kucheka, wacheke. Urefu wake nitakuuliza wewe, kwa kuwa ulinipima mimi ulipochimba. Tukishalifukia, sema nami. Au usiseme, unitazame tu uone kwamba ni mimi.

Msalimie shemeji yangu Katunge, umwambie tunamshukuru kwa maombi. Wasalimie watoto wote, na wazee wanaokusikiliza. Ndanu anawasalimu sana. Mguu wake haujambo, haukuwahi kuumwa.

Mimi kaka yako niliye hai,

Mbuvi