Vijiti Kumi na Viwili vya Pito

Katandala, 11 Januari 2025

Shikamoo mama,

Habari za Mpui, mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu inawaka moto. Naandika maana masikio yako na simu hayapatani. Suleimani, dereva wa Noah, atakupa karatasi hii mkononi.

Mama, nimepata kazi! Yaani nimejitengenezea mwenyewe. Napeleka watu haiking, wale wa mjini wasiozoea kupanda. Unatoka Pito asubuhi, unakatiza nyasi taratibu, baada ya masaa mawili uko ukingoni mwa msitu wa Mbizi, mawingu yakiachia unaliona Ziwa Rukwa lile kule chini. Saa nane mchana mtu yuko kwake anakula. Nyepesi kabisa! Nimejifunza kwenye simu wenzetu wa nje wanavyofanya: unachomeka alama njiani, mgeni anafuata, hapotei hata kwenye ukungu. Nimechonga vijiti kumi na viwili vikavu, kila kimoja na kitambaa chekundu. Jumamosi ijayo nina watu sita, walimu watano na mhasibu mmoja.

Shamba sijalisahau. Najua matuta bado, ntumba hazijapigwa. Nipe mpaka mwisho wa mwezi.

Mwanao,
Nesto

Mpui, 14 Januari

Mwanangu Nestory,

Marahaba. Huku tuko wazima, kuku mmoja tu kafa. Mgongo usiniulize mimi, uliulize jembe.

Nimesoma karatasi yako mara mbili. Kupanda kilima halafu kushuka mikono mitupu, huko juu mnafuata nini? Kuna msiba? Jirani Fortunata kacheka mpaka akakaa chini.

Baba yako mdogo Isdori alipita jana, akasimama mpakani. Anasema tangu baba yako afe shamba limelala, na shamba lililolala ni la ukoo, si la mjane. Nyasi ndiyo sasa zimelainika, ndiyo wakati wa kuzirundika na kuzifunika udongo. Zikikauka basi tena, na shamba atalichukua. Nimepiga ntumba tisa peke yangu, nikalala siku mbili. Shamba linataka mia tatu.

Vaa soksi, huko juu kuna baridi.

Mama'ko

Katandala, 19 Januari

Shikamoo mama,

Nimechoka hata kalamu nzito. Jana mambo yameharibika.

Ijumaa jioni nilichomeka vijiti vyote, safi, nikasimama kuviangalia kama mjinga. Jumamosi ukungu ukashuka mpaka chini. Tunapanda, natafuta kijiti cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Hakuna hata kimoja! Jiwe moja tumelizunguka mara tatu. Yule mhasibu ananiambia, "Kijana, hii ndiyo nyepesi? Hiyo ngumu ikoje?" Mwalimu Rhoda akaingia kwenye shimo, mguu ukavimba, nikambeba mgongoni mpaka Pito. Si mwepesi, mama.

Tukaomba maji nyumba ya kwanza. Mama wa pale anasonga ugali, moto unalia vizuri, kuni kavu. Mtoto wake kafungwa kitambaa chekundu kichwani. Nikauliza, "Mama, hizi kuni?" Akasema, "Acha tu mwanangu, Mungu kanihurumia! Nimezikuta zimepangwa njiani, zimekauka hivi, Januari hii!" Halafu akatukaribisha. Nikala ugali ulioivia kwenye alama zangu.

Wote wamesema basi. Mwalimu Rhoda peke yake kasema mguu ukipona nimrudishe, maana ziwa hajaliona.

Mwanao,
Nesto

Mpui, 22 Januari

Mwanangu,

Pole sana, na mwalimu mpe pole. Nimecheka, nisamehe, ilikuwa imepita wiki sijacheka.

Nani kakufundisha kuacha kuni kavu chini hapa Ufipa? Hao wenzenu wa nje labda wanapikia gesi. Hata mimi ningevibeba, na kitambaa ningetilia kiraka. Huku kitu ambacho hakibebwi ni udongo tu. Waombe wenye eneo, halafu wapigie wageni wako ntumba njiani. Nyasi ndani, udongo juu, kilima cha duara kinaonekana toka mbali, na hakuna atakayejitwisha kichwani.

Isdori kaja tena, safari hii na kamba ya kupimia. Sikuandikii ili uje. Nakuandikia tu.

Mama'ko

Katandala, 2 Februari

Shikamoo mama,

Wenye eneo wamekubali, wakanicheka kwanza. Nimepiga ntumba nne, viganja vyote malengelenge. Kwenye ya tano nikakaa juu yake, sikuweza kuinuka. Nikajiuliza, hivi mimi nalima kilima cha watu, na kwetu mtu yuko na kamba?

Alhamisi nakuja na Suleimani. Nitakaa mpaka ntumba zetu ziishe. Usimwambie Fortunata.

Nesto wako

Katandala, 16 Machi

Shikamoo mama,

Nimefika salama. Mwili wote unauma, nimelala toka jana saa kumi. Bado namuona baba mdogo akitembea katikati ya zile ntumba mia tatu, anazigusa moja moja kwa mguu kama anatafuta ya uongo, halafu anakunja kamba yake. "Haya shemeji, maharage yakiiva mtaniita." Ungemjibu, mama! Wewe ukamkaribisha uji.

Sasa sikiliza. Jumamosi tarehe ishirini na mbili namrudisha mwalimu Rhoda. Njoo na wewe. Njia yenyewe nyepesi, ya wasiozoea.

Mwanao,
Nesto

Mpui, 18 Machi

Nestory,

Nimezoea kutembea kabla hujazaliwa. Nakuja kukuonyesha.

Mama'ko

Mpui, 25 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Nimefika, Suleimani kanishusha mlangoni kabisa.

Miguu haijaniuma. Kilichouma ni shingo. Zaidi ya miaka hamsini natembea, sikuwahi kupanda mahali bila kitu kichwani. Pale ntumba ya tatu nikaona kama kuna kitu nimekisahau nyumbani. Nageuka nageuka, mwalimu ananiuliza, "Mama, umepoteza nini?" Nikakaa chini. Nikiwa nimekaa, usingizi ukanichukua. Asante kwa kutoniamsha. Mwalimu kaniambia ziwa lilionekana lote, mpaka alilia kidogo. Mimi nitaliona siku nyingine.

Ule mzigo wa kuni niliookota wakati wa kushuka, ukaninyang'anya ukabeba wewe, usifikiri somo lako la kutembea bila mzigo sikulielewa. Nililielewa. Ila kushuka mikono mitupu, watu wa Pito wanakutazama, mtu unaona aibu. Kwenye hiyo kazi yako asiyezoea ni mimi.

Maharage yameota kwenye ntumba zote. Leo sijaenda shambani. Nimekaa hapa mlangoni, mikono mitupu, Fortunata anauliza kama naumwa. Nimemwambia nafanya mazoezi.

Mama'ko, Coleta